Vijiwe Kumi kwa Kila Mtu

Tuanze na kosa la Fundi mwenyewe, mshona nguo wetu, kabla watu hawajaanza kumpamba. Siku mkwe wake alipoingia nyumbani kwake mara ya kwanza, alimsimamisha mlangoni, akamshika mabega kwa mapenzi yote, akamwambia, "Mwanangu, hapa ni kwenu. Hayo mawe yavue, uyaache kibarazani. Mtoto wangu hatembei na mzigo ndani ya nyumba yangu." Msichana akamtazama mumewe. Mumewe akatazama dari, kama kawaida yake. Basi msichana akavua gauni la kwao, akapewa gauni jepesi la pamba, na Fundi akalala siku hiyo akijiona mama mkwe ambaye dunia haijapata kuona mfano wake.

Yalikuwa mapenzi, hilo hatumnyimi. Lakini tuseme na lililobaki: sakafu yake ya saruji nyekundu ilikuwa imepakwa nta wiki hiyo hiyo, na mawe huchubua.

Kwa asiyezijua pande hizo, watu wa mlimani huzaliwa wepesi. Siyo wepesi wa mwendo, wepesi wa mwili. Mtu mzima wa mlimani akivuliwa mawe, nyayo zinaachana na ardhi taratibu, na akiwa nje, upepo unamalizia kazi. Haruki kama ndege, aende atakako kisha arudi. Anaondoka tu, na aliyeondoka hajapata kurudi. Kwa hiyo kila nguo yao ina pindo nene lililoshonewa vijiwe vya mtoni, na kila mtu ana hesabu yake, ishirini huyu, thelathini yule, kadiri mwili ulivyo. Watu wa bondeni wao huzaliwa kama mimi na wewe, wakikanyaga wamekanyaga, na wengi wao, Fundi akiwemo, hudhani mawe yale ni ya upepo wa nje tu.

Kati ya mlima na bonde kuna korongo, juu ya korongo kuna daraja moja, na daraja hilo lilifungwa miaka tisini kwa ugomvi ambao hakuna anayeukumbuka sawasawa. Bondeni wanasema wa mlimani waliwarushia mawe. Mlimani wanasema wa bondeni waliwaibia mawe. Chagua unayotaka. Miaka minne iliyopita likafunguliwa, ikaundwa Ofisi ya Umoja yenye bendera, viti vya kuzunguka na Mratibu, na mtoto wa Fundi akapata ukarani humo, kazi ya kuandika majina ya wanaovuka. Jina moja akaliandika mara nyingi kuliko lilivyohitaji kuandikwa. Ndoa ikafungwa hapo hapo ofisini, ya kwanza ya aina yake, na picha yao ikatundikwa ukutani juu ya meza ya Mratibu. Fundi aliionea fahari picha ile, ingawa daraja lenyewe hakuwa amelivuka hata siku moja. Kazi nyingi, magoti, leo, kesho. Mtu akitaka sababu hazikosi.

Mtaani walimwita msichana Unyoya. Fundi aligombana na watu watatu kwa ajili ya jina hilo, na mmoja wao mpaka leo hawasalimiani. Lakini moyoni alikuwa na lake dogo. Mkwe wake alifanya kila kitu kwa mkono mmoja. Chai analeta kwa mkono mmoja, sakafu anafagia kwa mkono mmoja, wageni anawaamkia mkono mwingine umeegemea ukuta kama mtu aliyechoka kabla ya kuanza. Kukaa hakai mpaka ashike kitu. "Malezi ya huko," Fundi alimnong'oneza jirani yake, mke wa seremala. "Wamedekezwa. Lakini ataiva tu." Hivyo ndivyo alivyosema, na alisema akiwa ameridhika kabisa na uvumilivu wake.

Kisha ikaja kazi ya sare. Ofisi ya Umoja ilitaka maandamano ya kutimiza miaka minne: watu mia na ishirini wa mlimani, mia na ishirini wa bondeni, wawili wawili, wavuke daraja mbele ya wageni wakiwa wamevaa nguo moja. Rangi moja, mshono mmoja, pindo moja. Na pindo ndilo lililowasumbua. Wa mlimani wana mawe, wa bondeni hawana. Kamati ikakaa vikao vitatu. Wakachukua wastani wa vijiwe ishirini vya mlimani na sifuri ya bondeni, wakagawa kwa mbili, wakapata kumi. Vijiwe kumi kwa kila mtu, mzito kwa mwepesi, ndiyo haki sawa hiyo. Watu wazima, wenye mvi, wenye kalamu mbili mbili mfukoni, ndio waliofanya hesabu hiyo, na wakapigiana makofi.

Fundi aliposoma ile karatasi aliuliza mara moja tu kama kumi zinawatosha wale wa mlimani. Mratibu akamjibu kwa sauti yake laini, "Mama, umoja ni kila mtu kujinyima kidogo." Jibu likamwingia vizuri, maana alikuwa na hamu ya kazi ile. Akawasha taa, akatia uzi, akashona. Wiki tano baadaye sare mia mbili thelathini na tisa zilikuwa zimekunjwa juu ya mabenchi ya chumba chake cha kazi, kila moja na vijiwe vyake kumi, za mlimani na za bondeni huwezi kuzitofautisha.

Sare ya mkwe wake aliiacha mwishoni, aishone kwa nafasi. Msichana alikuwa amepangwa mstari wa mbele kabisa, na jina lake lilikwishachapishwa kwenye kadi za mwaliko. Halafu alikuwa na mimba ya miezi mitano, kwa hiyo vipimo vya zamani havifai. Saa tisa mchana Fundi akamwita chumbani, futi shingoni, chaki sikioni.

"Simama hapa. Inua mikono."

Msichana akainua mmoja. Wa pili ulikuwa umeshika ukingo wa meza ya kukatia.

"Yote miwili, mwanangu. Nitapimaje kifua cha mtu aliyekumbatia meza?"

"Yote, Mama?"

"Sasa mimi nina wateja wa mikono mingapi?"

Msichana akaachia meza. Fundi alikuwa ameinama kutafuta penseli, na alipoinuka, kiuno alichotaka kukipima kilikuwa usawa wa macho yake. Miguu ya mkwe wake ilining'inia juu ya sakafu, vidole vimekunjwa kwa aibu, na kichwa kilikuwa kinagusa dari. Hakupiga kelele wala hakutapatapa. Alikuwa amefumba macho tu, mikono juu kama alivyoagizwa, akingoja kupimwa.

Fundi alimvuta kwa gauni, akamkalisha kwenye kiti, akamkalia magoti ili asiondoke tena. Ndipo alipoviona viganja. Vilikuwa na sugu kama vya mtu wa kupasua kuni. Vifundo vya mikono vilikuwa na michubuko ya zamani na mipya, na kwenye kifundo cha mguu wa kushoto kulikuwa na alama ya kufungwa, imezunguka kama bangili.

"Nani kakufunga?"

"Nimejifunga mwenyewe, Mama. Usiku. Kwa mtandio, kwenye mguu wa kitanda."

"Miezi yote saba?"

"Ndiyo."

"Na hukusema."

Msichana akatazama sakafu ile nyekundu inayong'aa. "Ulisema hapa ni kwetu. Ningeanzaje kukuambia kwamba kwetu siwezi kusimama?"

Jamani, kuna maneno mtu akiambiwa kwa matusi anaweza kujibu, na kuna maneno akiambiwa kwa heshima hana pa kuyaweka. Fundi alikaa pale juu ya magoti ya mkwe wake, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mdomo wazi. Ile chai ya mkono mmoja. Ule ufagio. Yale aliyomnong'oneza mke wa seremala. Vyote vikaja kwa foleni, kimoja kimoja, kila kimoja na kofi lake.

"Hesabu yako ni ngapi?" aliuliza hatimaye. Miezi saba, fundi wa nguo, na ndiyo kwanza anauliza.

"Thelathini na nne. Sasa ni arobaini na moja. Sisi mimba hutupunguza."

"Na kwa kumi?"

"Kwa kumi, ndani ya nyumba nitagusa chini kwa vidole. Pale darajani..." Akaweka mkono tumboni, ule mmoja, na mwingine ukatafuta meza bila hata yeye kujua.

Mwanawe aliporudi kazini saa kumi na moja alimkuta mama yake amesimama katikati ya sebule, na yeye ni mtu aliyekwisha kuusoma mkao huo tangu utotoni. Akatazama dari.

"Shuka huko juu," Fundi akamwambia. "Ulikuwa unajua?"

"Mama, nilikuwa nangoja wakati mzuri."

"Mkeo anajifunga kitandani kama mbuzi, na wewe unangoja wakati mzuri."

"Nilijua ungeumia. Ulikuwa umefurahi sana siku ile. Na yeye mwenyewe alisema nisiseme."

"Yeye alikuwa na adabu. Wewe ulikuwa na nini?"

Kijana akakimbilia lile alilolijua. Akasema mambo ya nyumbani yatarekebishwa, ila mambo ya sare mama yake asiyaguse, yamepitishwa, yana mihuri. Ni siku moja tu. Ni mwendo wa dakika ishirini. Atamshika mkono yeye mwenyewe. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini yeye mwenzetu kitanda amekilalia miezi saba, kunguni amewaona, na bado anamsifia godoro.

Asubuhi yake akaenda Ofisi ya Umoja na sare moja kwapani.

Mratibu alimpokea vizuri, maana kupokea watu vizuri ndiyo kazi aliyoijua. Akamwagizia chai, akamuuliza habari za magoti. Fundi hakukaa. Aliitandika sare mezani, chini ya ile picha ya harusi, akamweleza yote kwa mpangilio: hesabu za watu wa mlimani, vidole vinavyogusa chini, mimba inayopunguza, upepo wa korongoni ambao hata wa bondeni huwavua kofia.

"Tuliwajaribu watatu hapa hapa ofisini," Mratibu akasema. "Walisimama vizuri sana."

"Madirisha yakiwa yamefungwa."

"Mama yangu, nikuulize. Tukiwapa hawa arobaini na hawa sifuri, tutakuwa tumeungana wapi? Watu watasema wale bado wana yao na hawa wana yao. Tumetoka mbali. Miaka tisini. Hatuwezi kurudi nyuma kwa sababu ya vijiwe."

"Kurudi nyuma nani anataka? Ninachotaka mimi ni msichana abaki chini."

Mratibu akatikisa kichwa polepole, kwa huruma, kama mtu anayesikiliza shairi. Alikuwa na kipaji cha kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: unaondoka umepakwa, ukijigusa u mkavu. Akavuta karatasi, akachora. Akamgeuzia.

"Tazama. Nimekusikia, na mimi ni msikivu. Tunaacha kumi kama zilivyo, lakini nguo za ndugu zetu wa mlimani tunazishonea kishikio mgongoni, hapa katikati ya mabega. Kila mtu wa bondeni atamshika mwenzake. Mia na ishirini wanawashika mia na ishirini. Hebu fikiria hiyo picha."

Fundi aliutazama mchoro. Kilikuwa kishikio hasa, cha kupinda, kama cha sanduku la safari.

"Kama cha begi," akasema.

"Kama cha undugu, Mama."

Wanawake wengi wangeangua kicheko, na pengine ingekuwa bora. Fundi aliona kifua kinawaka. Aliwaza jinsi kazi hiyo ingefanyika, maana fundi haachi kuwaza kazi hata akiwa na hasira: kitambaa mara mbili, mshono wa msalaba kwenye ncha zote mbili, kisikatike. Aliwaona watu mia na ishirini, wazee wenye wajukuu, wameshikwa migongoni kama mizigo, na wenzao wanatabasamu mbele ya kamera kwa wema wao. Halafu ingeandikwa kwamba bondeni wamewashika mkono watu wa mlimani.

"Bwana Mratibu," akasema, "kishikio hushonewa kitu kisicho na miguu. Hawa miguu wanayo. Ninyi ndio mnaowaondolea pa kuiweka."

"Basi tutampa kazi hiyo fundi mwingine."

"Mpe. Mafundi hawakosekani. Mimi sishoni."

Hapo sauti laini ikapungua ulaini kidogo. Mratibu akakumbusha kwamba jina la mkwe wake liko kwenye kadi, na kwamba kijana wake ni mtumishi wa Ofisi ile ile, na kwamba ingekuwa jambo la kusikitisha familia ya kwanza ya umoja ionekane inaupinga umoja. Alisema kusikitisha mara mbili. Fundi akachukua sare yake, chai akaiacha ipoe.

Nyumbani alimsimulia mkwe wake kila kitu, hata cha kishikio, ingawa alitamani kukimeza. Msichana alikuwa ameketi kwenye kiti cha cherehani, miguu ameipitisha kwenye vyuma vya chini ili asiinuke. Tangu aolewe alikuwa hajapata kusema "sitaki" ndani ya nyumba ile, na neno lilimtoka kwa shida kama lilikuwa la lugha ngeni.

"Sitaki kushikwa, Mama. Hata na wewe. Hata na yeye. Nataka mawe yangu."

Basi wakayaleta kutoka kibarazani, lile gauni la kwao likiwa bado kwenye kikapu, limefanya vumbi. Fundi akafumua pindo, akamwaga vijiwe mezani, akaongeza saba kutoka kwenye gunia la Ofisi. Akaanza kuvipanga kwa umbali sawa, kama alivyofanya kwenye zile sare nyingine zote.

"Siyo hivyo," mkwe wake akasema. "Nyuma viwe vingi. Upepo ukikupiga mbele, mwili huanzia nyuma kuinuka. Na pembeni viwe viwili viwili, ukigeuka visikuzungushe. Na hiki cha mviringo kinakaa usawa wa kisigino. Huwa tunaanzia hapo."

Miaka thelathini na minne ya kushona, na Fundi akafundishwa pindo na mtoto wa juzi. Aliuliza, akajibiwa, akauliza tena. Walimaliza jua likiwa bado juu. Msichana akavaa, akaachia cherehani, akasimama katikati ya chumba bila kushika kitu chochote, akashusha pumzi ndefu sana. Mawe yalichora mstari mweupe kwenye sakafu, na Fundi aliuona, akauacha.

Siku ya maandamano walienda darajani mapema. Sare mpya zilikuwa zimevaliwa, vishikio na vyote. Fundi mwingine alipatikana, kama ilivyotarajiwa, na mishono yake ya msalaba ilikuwa mibaya. Watu wa mlimani walisimama kwenye foleni wakiwa wamekamata kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili, macho chini. Mzee mmoja wa ndevu nyeupe alikuwa ameshikwa mgongoni na kijana aliyekuwa akila karanga kwa mkono wa pili. Wageni walikuwa wameketi, miavuli juu.

Mwanzo wa daraja palikuwa na meza, mizani na mkaguzi. Kila nguo ilipimwa kwanza, ikipatana na kipimo inapigwa muhuri. Pembeni ya mkaguzi alikaa mtoto wa Fundi na daftari la majina.

Mkaguzi alimtazama msichana na gauni lake la kwao, akainua pindo kwa ncha za vidole. "Hii siyo sare. Na imezidi. Tena imezidi sana."

"Ni arobaini na moja," Fundi akasema. "Usijisumbue kuhesabu."

"Zinazoruhusiwa ni kumi. Hakuna upendeleo, Mama. Mkwe wako kama wengine."

"Mizani yako inapima nguo. Ungempima na aliye ndani ya nguo, ukampima na yule mla karanga, ungejua nani amezidi."

Mkaguzi akamtazama karani. Karani akatafuta dari, lakini walikuwa nje, juu palikuwa na mbingu tupu. Ikabidi amtazame mkewe. Alifungua mdomo. Wote watatu wakangoja. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Labda uvue tu mawe machache. Kwa leo," na akainamia daftari lake, na hapo ndipo tutakapomwacha, maana hata sisi tumechoka naye.

Msichana hakulia. Alisema, "Mama, mimi naomba niende kwetu. Nikajifungulie huko."

Alisema kwetu, na safari hii hapakuwa na utata kwetu ni wapi. Fundi alihisi neno likimpita mbavuni. Alijua anastahili.

"Twende," akamjibu. "Nitakusindikiza."

"Foleni haijaanza," mkaguzi akasema.

"Hatumo kwenye foleni. Sisi tunapita. Au daraja limefungwa tena?"

Swali hilo mkaguzi hakupewa jibu lake kwenye karatasi zake. Wakapita. Wakapita mbele ya viti vya wageni, mbele ya Mratibu aliyekuwa amesimama kwenye jukwaa na hotuba mkononi, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu na msichana mwenye mimba. Katikati ya daraja upepo wa korongoni uliwajia ubavuni, ukamvua Fundi kilemba chake. Alinyoosha mkono kumdaka mkwe wake, akausimamisha hewani, akaurudisha. Msichana alikuwa anatembea. Mawe yake yaligonga mbao za daraja kwa mpigo mmoja, hayumbi, haegemei, na mikono yake yote miwili ilikuwa inabembea tu kama mikono ya mtu yeyote anayekwenda kwao.

Kupanda kulimtoa Fundi jasho lote alilokuwa nalo. Alisimama mara sita. Kila aliposimama alimlaani Mratibu kwa jina jipya, na mkwe wake, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alimcheka.

Nyumba za mlimani zimejengwa kwa fito. Kuta fito, sakafu fito, zimesukwa kama tenga, zimeinuliwa juu ya nguzo nyembamba. Kwa watu wepesi zinatosha na kubaki. Fundi alipofika mlangoni na kuiona sakafu ile alisimama. Alijijua. Angeweka mguu mmoja tu, angeshukia chini kwa kuku.

Mama wa msichana akatoka. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye nywele zilizoanza mvi, na vijiwe vyake viligongana taratibu. Alimkumbatia mwanawe kwa muda mrefu, akamshika tumbo, akaviona viganja vyake. Akavigeuza. Akavitazama vyote viwili bila kuuliza, kisha akamtazama Fundi, na Fundi akaona kwamba hakuna haja ya kueleza, yule amekwishaelewa.

"Karibu ndani, mzazi mwenzangu," mama yule akasema.

"Hapa nje panatosha. Nitawabomolea nyumba."

"Hutabomoa. Kanyaga hapo."

Ndipo Fundi alipotazama vizuri. Juu ya zile fito, kuanzia kizingiti, palikuwa pamelazwa mbao nzima, nene vidole vitatu, zimepigiliwa misumari na kuegemezwa kwa nguzo mpya kutoka chini. Zilikwenda kutoka mlangoni hadi dirishani, na dirishani palikuwa na kiti chenye miguu minene kama ya mtu mzima. Mbao nyingine zilikata kushoto hadi kitandani, na kitanda chenyewe kilikuwa cha mbao. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyehitaji vitu hivyo. Mbao zilikuwa zimefifia rangi, na kiti kilikuwa na vumbi ambalo lilifutwa na kurudi, likafutwa na kurudi.

"Mmeviweka lini?" Fundi aliuliza.

"Wiki ya harusi. Nilimuuliza mwanangu mama mkwe wake ana uzito gani, akasema hajui, kukuuliza ni utovu wa adabu. Basi nikashuka mpaka darajani, nikakaa siku mbili nawaangalia wanawake wa rika lako wanavyopita. Nikamwambia seremala wetu wa huku atengeneze kwa yule mnene kuliko wote, ili ukija usione haya." Akafuta kiti kwa upindo wa nguo yake. "Tulidhani ungekuja wiki ile."

Fundi alikanyaga ubao wa kwanza. Haukulia. Akakanyaga wa pili, wa tatu, akafika kwenye kiti, akakaa kwa uzito wake wote, na kiti kikampokea. Wote wawili, mama na mwanawe, walikuwa wanamtazama wakingoja aseme kama kinamtosha. Alitaka kusema ndiyo, akashindwa. Hasira aliyopanda nayo mlima mzima ilikuwa bado imo kifuani, nzima, ila sasa haikuwa na mtu mwingine wa kumwendea.

"Kinanitosha," akasema mwishowe, akafunika uso kwa viganja.